Je, wajua? Kwa nini "kugusa mshipa" kunazimisha mtu dojo (ukumbi wa mazoezi ya karate) lakini kwenye ngumi za kweli kunagoma

Kaa kijiwe chochote Mwanza, iwe Mabatini, Igoma au pale Kirumba Mwaloni makuli wakisubiri mzigo wa dagaa, taja karate tu, lazima atokee mmoja wa kukwambia kuna mshipa ukiguswa unazima hapo hapo, na kwamba sensei (mwalimu wa karate) wa ukweli hapiganagi, anagusa tu. Akibanwa maswali anapandisha dau: kuna mguso mwingine unaondoka nao vizuri kabisa, unakula ugali na sangara wako, siku ya tatu unakufa. Upande wa pili wa benchi kuna anayecheka na kusema hayo yote ni ya banda umiza, steringi hafi na mshipa haupo.

Wote wawili wamekosea, ila huyu wa kwanza amekosea kwa namna tamu zaidi, kwa hiyo tuanze naye.

Historia kwa kifupi: Wachina wana kitu wanakiita dim mak, yaani ufundi wa kupiga nukta nyeti za mwili, Wajapani wanaita kyusho, na ramani zake zile za mtu aliyejaa nukta mwili mzima zinafanana sana na ramani za tiba ya Kichina ya kuchomeka sindano. Muvi za kung fu zikachukua, madijei wetu wakaongezea chumvi, ndo ikafika kijiweni.

Kosa lenyewe ni kudhani nukta ni swichi, yaani ukijua ilipo basi kazi imeisha. Sasa chukua nukta moja ambayo kila mtu anaijua bila kufundishwa: kiwiko. Ukijigonga kwa ndani pale kwenye kona ya meza, umeme unapita mpaka kidole kidogo, mkono unakufa ganzi, unabaki umeshika kiwiko na kutukana kimoyomoyo. Ile ni neva kweli, imepita juu ya mfupa na kinga yake ni ngozi tu. Hakuna siri, hakuna nguvu za ajabu, na inafanya kazi kwa karibu kila binadamu. Haya, mwambie mtu akurushie ngumi halafu wewe umpige hapo hapo, sehemu isiyozidi upana wa kidole, kwenye mkono unaoenda na kurudi, umefunikwa na shati, na mwenye mkono hataki. Hapo tatizo sio kujua nukta iko wapi. Jicho na ubongo vinahitaji kama sekunde 0.2 kuitikia kitu, na ndani ya muda huo ngumi inaweza kuwa imeshafika.

Alafu kuna suala la mwili wenyewe. Mtu akiwa kwenye ugomvi, adrenalini imepanda, maumivu hayapokelewi kama kawaida, ndo maana kuna watu wanachomwa kisu wanakuja kugundua baadaye wakiona damu. Sehemu nyingi kwenye zile ramani kazi yake ni kuuma, basi. Maumivu yanamsumbua aliyesimama kimya dojo akisubiri aumizwe. Mlevi aliyekasirika usiku wa Jumamosi, hapana. Na mikono ya mpigaji nayo inatetemeka, kazi ndogo ndogo za vidole zinakuwa ngumu, kwa hiyo huyo fundi wa nukta naye hayuko kwenye ubora wake.

Sasa mbona dojo watu wanaanguka? Hapa ndo pananoga. Nokauti nyingi za maonyesho zinapigwa sehemu moja: ubavuni mwa shingo, chini kidogo ya kona ya taya. Pale mshipa mkubwa wa damu unaoenda kichwani, karotidi, unagawanyika, na ukutani mwake kuna kihisi cha presha. Kinavyofanya kazi, fikiria simtanki la nyumbani, hizi tunazopandisha juu ya mawe huko vilimani. Ndani kuna boya. Maji yakipanda, boya linapanda, linafunga koki. Sasa panda juu, ingiza mkono, liinue boya wakati tanki liko nusu. Koki inafunga vile vile. Boya halina macho ya kuona maji, lenyewe linajua kupanda na kushuka tu, limepanda basi limefunga, na huko ndani waliokuwa wanategemea maji watakuja kujua kuna shida bomba likianza kutoa hewa. Kihisi cha shingoni nacho hakipimi presha moja kwa moja, kinapima ukuta wa mshipa umevutika kiasi gani. Ukigonga pale ukuta unavutika, kihisi kinatuma taarifa kwamba presha imepanda mno, ubongo unaamini, neva ya vagasi inaamrisha moyo upunguze mwendo, mishipa inalegea, presha inashuka kweli wakati haikuwa na sababu ya kushuka, kichwa kinakosa damu na magoti yanakunja.

Ni kitu kilichopimwa hospitali. Madaktari wanakitumia kupunguza moyo unaokwenda mbio, ila wao wanabonyeza taratibu, upande mmoja tu, mgonjwa kalala, mashine ya moyo imewashwa, na kwanza wanasikiliza kama mshipa hauna mafuta yaliyoganda, maana yakibanduka yanaweza kwenda kichwani na kuleta kiharusi. Kuna wazee ambao kihisi chao ni chepesi mpaka kola ya shati ikibana na akageuza shingo anaanguka. Kijana mwenye shingo nene aliyeinamisha kidevu na kupandisha bega, boya lake halifikiki kirahisi hivyo. Kwa hiyo huwezi kusema kipigo hiki kinazimisha watu wote, na hata teke la shingo linalomaliza pambano kwenye ulingo ni vigumu kutenganisha kihisi kilichangia kiasi gani na kichwa kutikiswa kulichangia kiasi gani.

Na matarajio nayo yanaangusha watu. Kundi la Mmarekani George Dillman, aliyesambaza sana haya mambo, lilifikia mpaka kudai kuzimisha mtu bila kumgusa. Wanafunzi wao walikuwa wanaanguka. Kipindi cha televisheni cha National Geographic kikawapa mtu asiyeamini, akabaki amesimama. Maelezo ya Dillman: huenda ulimi wa jamaa ulikuwa umekaa vibaya mdomoni, au alikuwa ameinua kidole gumba cha mguu. Kinga ya siri ya miaka mingi, kumbe unainua dole gumba tu.

Twende kwa huyu wa pili sasa, anayesema mshipa haupo. Tarehe 18 Septemba 2004, Las Vegas, bondia Bernard Hopkins alimpiga bondia mwenzake Oscar De La Hoya ngumi moja ya ini raundi ya 9, De La Hoya akakaa chini akagaragara, hakuweza kunyanyuka mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu. Alikuwa na akili zake timamu, kichwa hakijaguswa. Januari 2021 kule Abu Dhabi, kwenye pambano la MMA (mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka), Dustin Poirier alimpiga Conor McGregor mateke ya shavu la mguu mpaka mguu ukakataa kazi, na chini ya goti kwa nje kuna neva imepita juu ya mfupa kama ile ya kiwiko. Ini, kidevu, chembe ya moyo, shavu la mguu, hizo nazo ni sehemu nyeti. Tofauti yake ni kwamba ni kubwa kama kiganja, unaweza kukosea kidogo na bado ukaleta madhara, na zinapigwa kwa uzito wa mwili mzima sio kwa ncha ya kidole. Kocha wa ngumi na mateke anazifundisha mapema tu bila ramani yoyote.

Angalia pia kanuni za MMA: macho ni marufuku, koo, sehemu za siri, kisogo, uti wa mgongo, kuvunja vidole, hata kufinya ngozi. Hakuna aliyehangaika kuandika marufuku ya ramani ya nukta.

Nukta ndogo zina kazi yake, ila mtu akiwa ameshashikwa. Baunsa akishamkumbatia mtu kwa nyuma anambonyeza nyuma ya ndewe ya sikio, pale taya inapoishia, jamaa mwenyewe anainuka kwenda kule anakosukumwa. Na roba, ile ile ya vibaka, inabana karotidi zote mbili na ndani ya kama sekunde 10 mtu hayupo. Hiyo haitegemei maumivu wala imani ya mtu, ndo maana ni hatari kuichezea.

Imebaki ya kufa siku ya tatu. Kwa mguso, hapana. Kwa kipigo, inatokea, na kwa ukanda wetu wa ziwa ni vizuri kuijua: malaria ya kujirudia inavimbisha bandama, na bandama iliyovimba inapasuka kirahisi. Wakati mwingine damu inavuja kwanza taratibu ndani ya ganda lake, mtu anatembea, anakula, siku kadhaa baadaye ganda linaachia. Damu kichwani nayo inaweza kujikusanya hivyo hivyo. Sisemi hadithi ya dim mak ilianzia hapo, ila aliyepigwa ubavu wa kushoto chini akaanza kulalamika bega la kushoto linauma wakati bega halikuguswa, na kizunguzungu juu, msimpe dawa ya maumivu akalale, mpelekeni hospitali usiku huo huo.