Leseni ya madini haifuti makaburi

Katika maeneo ya migodi nchini Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, wengi huamini kwamba mwekezaji akishapata leseni ya kuchimba, makaburi yaliyomo humo huwa yake pamoja na ardhi. Sivyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni kutumia haki zake kwenye eneo lililotengwa kwa maziko bila kibali cha maandishi cha mamlaka husika, na tangu 1969 ipo sheria mahususi ya kuhamisha makaburi, ambayo fidia yake hulipia gharama stahiki za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na matambiko yanayoambatana na kazi hiyo. Kwa hiyo si haki kuwadhania ndugu wanaodai fidia hiyo kwamba wanauza mifupa ya wazee wao.

Ugumu wa kweli uko kwenye makaburi yaliyopotea. Familia nyingi zilizika nyumbani, zikaweka alama ya mawe au mti tu, kisha katika miaka ya 1970 zikahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuyaacha mahame yao. Mthamini anayefika leo huona pori tupu. Kukosekana kwa saruji hakuthibitishi kwamba hakuna aliyezikwa hapo, na ndiyo maana wazee wanaoyakumbuka mahame hayo wanapaswa kutembezwa eneo lote kabla tingatinga halijaingia, kwa kuwa udongo ukishageuzwa, ushahidi wao hauna tena pa kuonyeshwa.