Folda ifuate swali: namna ninavyopanga vishikwambi vya watu hapa Mtwara

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto pale karani wa chama kimoja cha msingi cha wakulima aliposhuka kwenye gari la Nanyamba akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya ufundi, hapa Mtwara mjini. Kishikwambi alikizungushia kipande cha khanga kwa ajili ya vumbi la njiani.

"Shikamoo kaka. Hiki kishikwambi kimekula picha zangu. Kuna mzee anadai pesa yake ya mnada wa pili, stakabadhi yake niliipiga picha mwenyewe, leo siku ya pili naitafuta siioni."

"Marahaba. Kaa kwanza, mdogo wangu."

Nikakifungua. Kilikuwa kizima, wala hakikuwa kimekula kitu. Folda ya kamera peke yake ilikuwa na picha zaidi ya elfu mbili: stakabadhi, magunia ghalani, harusi ya Newala, mtoto amelala, stakabadhi tena. Yeye alikuwa akizipitia mojamoja kwa macho. Nikamuuliza huyo mzee alileta mzigo lini.

"Ijumaa ya tarehe 8 Novemba. Asubuhi, mizani ilikuwa bado haina foleni."

Nikaingia kwenye programu ya mafaili, nikafungua DCIM, folda inayotunza picha za kamera, kisha Camera, nikachagua kupanga kwa jina, nikashuka hadi IMG_20241108_101522. Jina hilo ni tarehe kamili ukilisoma polepole: mwaka 2024, mwezi wa 11, siku ya 08, kisha saa, dakika na sekunde kwa hesabu ya saa ishirini na nne. Saa 10:15 ya mashine ni saa nne na robo asubuhi yetu. Vishikwambi vya Samsung haviweki zile herufi IMG za mwanzo, lakini tarakimu zinazofuata ni zilezile. Stakabadhi ya mzee ilikuwa picha ya tatu kuanzia hapo.

Hilo ndilo jambo ninalolifundisha kila siku. Mzee aliuliza kwa mnada na kwa siku. Kishikwambi kilikuwa kimelundika kwa aina. Folda nzuri huitwa kwa maneno ambayo mtu atakuja nayo mdomoni akikuuliza. Kupanga kwa aina, yaani picha huku, video kule, hati pale, kishikwambi kinajifanyia chenyewe bila kuombwa. Na sijawahi kuona mkulima akisimama dirishani kwa karani akasema, "Naomba lile faili la picha."

Folda za mbele na folda za ndani

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba kishikwambi kina folda za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hofu. Folda unayoiona kwenye skrini ya kwanza ni mkusanyiko wa alama tu. Programu yenyewe haihami, haipungui, wala haibadiliki. Folda iliyo ndani ya programu ya mafaili ni kabati halisi: kitu ukikihamishia humo, kimetoka kilikokuwa.

Ya mbele ni rahisi. Bonyeza alama ya programu bila kuachia, iburute juu ya nyingine, achia. Folda imezaliwa. Iguse, gusa jina lake, andika jina unalotaka. Kuitoa programu, unaiburuta nje. Kwenye iPad ni hivyohivyo, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2010. Angalizo moja tu: kwenye vishikwambi vingi vya Android, ukianza kuburuta alama, juu ya skrini hutokea sehemu mbili. Moja huiondoa alama pale mbele, nyingine huifuta programu nzima. Soma kabla ya kuachia kidole.

Kuhusu majina, usiandike "Kazi" na "Binafsi". Maneno hayo ni mapana mno, na ndani ya wiki moja kila kitu kinakuwa kazi. Andika kitendo: "Kulipa" kwa programu za benki na pesa za simu, "Kusoma", "Kupiga picha", "Kusafiri". Programu nne au tano unazozifungua kila siku usizitie kwenye folda kabisa. Ziweke kwenye mstari wa chini, ule usiohama hata ukigeuza kurasa. Kishikwambi hushikwa kwa mikono miwili, na vidole gumba hufika pembeni na chini kabla ya kufika katikati, kwa hiyo sehemu hizo ndizo za vitu vya kila siku.

Watu huniuliza pia kama folda ya mbele inaweza kuwazuia watoto wasifungue kitu. Haiwezi. Haina kufuli. Kama kishikwambi ni cha nyumba nzima, tafuta kwenye Mipangilio sehemu ya watumiaji, umfungulie mtoto ukurasa wake. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu.

Mafaili: hapa ndipo penye kazi

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima wa huku hushika karatasi kwanza, pesa baadaye. Mzigo unapimwa kwenye chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, malipo yanaingia benki yakiwa yameshakatwa makato. Kila hatua ina hati, na katikati ya hatua hizo kuna maswali. Kwa hiyo kishikwambi cha karani si cha kuchezea, ni kumbukumbu ya jasho la watu.

Yule dada karani alikuwa ameshajaribu kupanga. Alitengeneza folda ya 2024 na folda ya 2025, kama zinavyofanya ofisi nyingi. Lakini korosho haihesabiwi kwa kalenda. Minada huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na mara nyingi hadi malipo na madai yake yaishe mwaka umeshageuka. Mkulima anasema "msimu uliopita", hasemi "mwaka uliopita". Folda za mwaka zilikuwa zinaukata msimu mmoja vipande viwili, na nusu ya maswali aliyopokea yalikuwa kwenye mpasuko huo.

Tukatengeneza folda moja, Msimu 2024-2025. Ndani yake Pembejeo, Mapokezi, kisha Mnada 01, Mnada 02, Mnada 03 na kuendelea, na mwisho Malipo. Sifuri iliyotangulia ina kazi. Baadhi ya programu za mafaili husoma jina tarakimu kwa tarakimu kutoka kushoto, hivyo bila sifuri Mnada 10 unaweza kuja kukaa juu ya Mnada 2, na karani mwenye foleni mbele yake hana muda wa kugundua hilo.

Majina ya mafaili nayo tuliyapanga hivyohivyo: 2024-11-08, nafasi, namba ya mkulima, nafasi, stakabadhi. Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku. Ukianza na siku, tarehe 8 Novemba itakaa jirani na tarehe 8 Machi, na mpangilio utakuwa umekufa. Usijaribu kutumia mkwaju (/) kati ya tarakimu, Android haiukubali kwenye jina la faili, tumia kistari. Na nilimshauri atumie namba ya mkulima badala ya jina, kwanza kwa sababu vijijini majina yanafanana sana, pili kwa sababu kishikwambi kikiibwa si vizuri majina ya watu na pesa zao vitembee pamoja.

Usichimbe folda ndani ya folda bila kikomo. Mimi huishia ngazi tatu. Ukifika ya nne utaanza kusahau njia. Wala usitengeneze folda ya "Mengineyo", maana kila usichotaka kukifikiria kitakwenda huko na hakitatoka. Badala yake tengeneza moja inayoitwa Kapu, iwe mahali pa kushushia vitu vya haraka, na kila Ijumaa iishe ikiwa tupu.

Walimu nao nawapa njia ileile kwa maswali yao. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baadaye, na vingi vimeshapita mezani kwangu. Mwalimu mmoja wa Mikindani alikuwa na folda ya Word, folda ya PDF na folda ya picha. Nikamuuliza, "Mwalimu, mthibiti ubora akija anakuomba nini?" Akajibu bila kufikiri: "Andalio la somo, Hisabati, darasa la tano." Basi folda ni Darasa la 5, ndani yake Hisabati, ndani yake Maandalio. Jibu lake lilikuwa limeshachora kabati lote.

Vya WhatsApp na memori kadi

Hapa punguza mwendo, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza vitu. Kuanzia Android 11, iliyotoka mwaka 2020, mafaili ya WhatsApp hukaa ndani sana: Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, kisha Media. Huko kuna folda ya picha, ya hati, ya sauti. Ukikihamisha kitu kutoka huko, kwenye mazungumzo hakitafunguka tena, kwa kuwa WhatsApp itakitafuta pale ilipokiweka. Kwa hiyo nakili, usihamishe. Na usiyaache ya maana yakae huko peke yake, maana programu ikifutwa inaweza kuondoka na folda yake.

Majina ya huko pia yana lugha yake. IMG-20241108-WA0003 ni picha iliyoingia tarehe 8 Novemba 2024, na ile 0003 ni namba ya mfuatano wa siku hiyo. Saa haimo. Na tarehe ni ya kuingia kwenye kifaa chako, siyo ya kupigwa picha. Mkulima akipiga picha ya stakabadhi tarehe 3 akakutumia tarehe 8, jina litasema 8. Makarani nawaambia waombe kutumiwa stakabadhi kama hati badala ya picha, kwa kuwa picha hubanwa njiani na tarakimu ndogo za kilo huanza kufifia.

Memori kadi imeniumiza mimi mwenyewe. Miaka michache nyuma nilihamishia picha za mteja kwenye kadi aliyoinunua kwa bei rahisi sana, imeandikwa 128GB. Ilipokea kila kitu bila kulalamika. Alipozifungua kwao, chache za mwanzo zilikuwa nzima, zilizobaki zilikuwa kijivu. Kadi ilikuwa bandia: nafasi yake ya kweli ilikuwa ndogo kuliko maandishi, na ikijaa inaendelea kupokea huku ikipoteza. Zilikuwemo picha za marehemu mama yake. Tangu siku hiyo sihamishi kitu kwenda kwenye kadi yoyote. Nanakili, nafungua mafaili ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho kwenye kadi, ndipo nafuta ya asili. Nakala nyingine iende kwenye Google Drive. Akaunti ya bure ina 15GB zinazogawanywa na Gmail na picha zako, kwa hiyo peleka hati kwanza, video baadaye, na ukiwa na Wi-Fi uokoe bando.

Ukifuta kwa bahati mbaya, usipaniki. Programu ya Files ya Google ina pipa linalotunza kilichofutwa kwa siku 30, na Drive pia ni siku 30. Angalia huko kabla ya kupanda gari kuja kwa fundi.

Kazi yote kwa yule dada ilituchukua mchana mmoja, na sehemu kubwa ilikuwa kuamua majina, si kuburuta mafaili. Picha za zamani hatukuzigusa zote. Tulipanga za msimu uliokuwa ukiendelea, nyingine tukazifungia folda moja ya Zamani, kwa kuwa tarehe kwenye majina yake zinatosha kuzitafutia.

Juzi amenitumia skrinishoti. Ameshafungua Msimu 2025-2026. Pembejeo ina mafaili arobaini na kitu, mgao wa salfa, dawa ya mikorosho. Mnada 01 bado tupu.