Ile taa ya kijani siyo dola, jamani

Nasahihisha insha za The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, tangu juzi, na sijui hii ni ya ngapi imeanza hivihivi: "Taa ya kijani inawakilisha pesa kwa sababu dola ni ya kijani." Nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai. Narudi, nafungua inayofuata, ileile!

Haya, tuelewane. Sura ya 1, usiku, Gatsby, yule tajiri wa riwaya, kanyoosha mikono gizani kuelekea ile taa ng'ambo ya ghuba, na wakati huo pesa anazo tayari. Ana jumba West Egg, upande wake wa ghuba, ana gari la kutisha, ana mashati ananunuliwa Uingereza mpaka anayamwaga tu mezani na Daisy, mwanamke anayempenda, anayalilia. Nani ananyooshea mikono kitu kilichomo mfukoni mwake? Na kama pesa ndo mnaitafuta, nendeni sura ya 7, Gatsby mwenyewe anasema sauti ya Daisy imejaa pesa. Sauti, siyo taa. Ile taa ni taa ya gati basi, iko mwisho wa gati la kina Daisy.

Sasa sehemu ambayo wengi wanairuka, na ndo inayonichoma. Sura ya 5. Mvua inanyesha, Daisy kaja kwa Nick, jirani wa Gatsby na msimulizi wetu, kunywa chai, Gatsby hajamwona karibu miaka mitano, ana hofu mpaka anaegemeza kichwa kwenye saa ya ukutani, hapana, siyo ya ukutani, ni ile inayokaa juu ya meko, nusura aiangushe akaidaka kwa vidole vinavyotetemeka (saa yenyewe imekufa, na hapo sihitaji kumweleza mtu kitu). Baadaye wapo kwa Gatsby, anamwambia Daisy kusingekuwa na ukungu tungeiona nyumba yenu, mna taa ya kijani inawaka usiku kucha. Daisy anapitisha mkono wake kwenye mkono wa Gatsby. Yaani yupo, anamgusa! Na Gatsby anazubaa, kama bado anayawaza maneno aliyoyasema, halafu Nick anatuambia taa imerudi kuwa taa tu, vitu vyake vya ajabu vimepungua kimoja. Ameipata ndoto na palepale imesinyaa. Kwa hiyo anayesema Gatsby alikosa ndoto yake kwa sababu Daisy alirudi kwa mumewe Tom amechelewa sura mbili nzima, maana tatizo lilianza siku aliyompata. Miaka mitano alikuwa anajenga Daisy wa kichwani, na yule wa kwenye kochi, mwenye mume na mtoto, angemfikia vipi huyo wa kichwani?

Macho ya Daktari T. J. Eckleburg nayapitia haraka: siyo Mungu. Ni bango la daktari wa macho, limechakaa, linaangalia bonde la majivu. Anayelifanya Mungu ni Wilson, mwenye gereji pale bondeni, mtu aliyefiwa na mke na hajalala, na jirani yake Michaelis anamjibu palepale kwamba lile ni tangazo. Mkiandika "macho ni Mungu" mnaandika alichosema Wilson, siyo alichosema Fitzgerald.

Ila na mimi nina langu linaninyima usingizi. Ukurasa wa mwisho Nick anasema Gatsby aliiamini taa ya kijani. Sasa si wewe Nick uliyetuambia sura ya 5 kwamba taa imeisha nguvu? Zamani nilikuwa nawafundisha kwamba pale mwishoni taa imepanuka, imekuwa ndoto ya Wamarekani wote, kuanzia wale mabaharia wa Kiholanzi walioiona nchi mbichi ya kijani mbele yao. Ilikaa vizuri ubaoni. Siku hizi nikiusoma ukurasa ule namwona Nick peke yake, kalala ufukweni kwa marehemu Gatsby, usiku wake wa mwisho West Egg, na nashuku anayeihitaji ile taa ni yeye. Kuna siku nasoma tena naona nimemwonea tu.