Msitu wa riwaya na msitu wa Ituri

Katika riwaya nyingi, shujaa akiingia msitu wa mvua hushika panga na kufyeka njia hatua kwa hatua. Wasomaji tumezoea kuamini kwamba kadiri unavyoingia ndani, ndivyo vichaka vinavyozidi kusongamana. Sivyo.

Msitu mkongwe una kivuli kizito. Mwanga unaofika chini mara nyingi hauzidi asilimia 2 ya ule wa juu, na vichaka haviwezi kushamiri hivyo. Huko Ituri, mashariki mwa Kongo, penye miti ya mbau, unakanyaga majani makavu na kuona mashina mbali mbele yako. Msongamano uko pale jua linapopenya: kandokando ya mto, palipoanguka mti mkubwa, au kwenye shamba lililoachwa.

Na wageni wengi wa karne ya 19 walipita mtoni. Mwandishi wa riwaya Joseph Conrad alisafiri Mto Kongo kwa meli ya mvuke mwaka 1890. Waliona ukingo, wakaandika msitu mzima. Kinachoniuma zaidi ni wenyeji: Wambuti, wanaowinda kwa nyavu chini ya miti hiyo, wakafanywa vivuli tu katika hadithi za wengine.