Picha zilizolala diskini hazilemei kompyuta

Wapiga picha wa harusi hapa Mombasa huambiana: kompyuta ikizubaa, futa picha za zamani. Lakini picha iliyolala diskini haimpi prosesa, ubongo wa kompyuta, kazi yoyote. Kinachoelemewa ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi uliyoifungua. Faili ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 kwa kila rangi hula takriban megabaiti 144, na kila leya (tabaka la kuhariria) kamili unayoongeza yaweza kula kiasi hicho tena. RAM ikijaa, programu ya kuhariri picha huazima nafasi diskini, na hapo ndipo brashi huanza kujikokota. (Diski ikijaa pomoni, kufuta kweli husaidia, maana hakuna pa kuazima.) Joto la kaskazi nalo lina lake: prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hivyo laptopu usiiweke juu ya godoro.