Daraja la Minneapolis halikuangushwa na kutu

Agosti 1, 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, liliporomoka mtoni na kuua watu 13. Hadi leo wengi husema liliangushwa na kutu na uzee. Sivyo.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta kosa la usanifu, lililokuwapo tangu daraja lifunguliwe mwaka 1967. Mihimili ya chuma hukutana kwenye viungo, na kila kiungo hushikwa na mabamba mawili yaliyopigwa ribiti. Kwenye kiungo cha U10 mabamba hayo yalikuwa na unene wa milimita 13 tu, takribani nusu ya uliohitajika. Uzito nao ukazidi kuongezwa: mwaka 1977 tabaka la zege la sentimita 5 hivi, mwaka 1998 kuta mpya za zege, na siku ile mchanga, kokoto na mitambo ya ukarabati, jumla tani 262 hivi, juu ya eneo hilohilo.

Uzembe ulikuwapo, na unauma: picha za mwaka 2003 zinaonyesha mabamba ya U10 yamepinda, lakini hesabu za uwezo wa kubeba mzigo hazikuyagusa kabisa. Kupaka rangi ya kuzuia kutu kusingesaidia chochote.