Nyasi ya muhli: ukiibembeleza sana haichanui

Kila msimu tunaletewa swali lile lile na watu wa bustani: muhli yangu ina majani mengi mazuri, mbona haitoi yale masuke ya pinki ya kwenye picha? Ukiwauliza wameitunzaje, mara nyingi unakuta ni samadi, maji kila siku, na imepandwa chini ya mti. Yaani imepewa vyote isivyovitaka.

Kitaalamu inaitwa Muhlenbergia capillaris, nyasi inayodumu miaka mingi, asili yake mashariki na kusini mwa Marekani, kuanzia Massachusetts hadi Florida na Texas, na kule porini utaikuta kwenye mchanga, mawe mawe, na kwenye misitu ya misonobari iliyo wazi. Pwani ya South Carolina, kuna nyasi nyingine, ndugu yake wa karibu sana, ambayo Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wanasukia vikapu, na kikapu hicho mwaka 2006 kikawa kazi ya mikono rasmi ya jimbo lile. Sasa mmea uliozoea kuishi kwenye mchanga ukiujazia mbolea unanenepa, majani yanalala, na masuke yanapungua.

Ile rangi yenyewe inabidi uisogelee ndo uielewe. Shika suke moja mkononi, utaona vijitawi vyembamba kuliko unywele, kila ncha ina kijisuke kidogo chenye wekundu wa zambarau, na likiwa peke yake karibu halionekani. Ndo maana mche mmoja ukiupanda peke yake unafanana na magugu tu, sisi tunashauri mitano au zaidi pamoja, umbali wa sentimita 60 hadi 90, tena mahali ambapo jua la jioni linapiga kwa nyuma.

Jua liwe masaa 6 kwa siku au zaidi, hapo hamna mjadala. Udongo wowote unaopitisha maji unafaa. Kama wako ni mfinyanzi, usichimbe shimo ukalijaza mchanga, manake maji ya pembeni yote yatakimbilia humo na kutuama, afadhali uinue tuta upande juu yake. Ukipanda hakikisha pale majani yanapochomozea panabaki juu kidogo ya udongo, na matandazo usiyasogeze mpaka yakagusa shina. Mwaka wa kwanza mwagilia mpaka mizizi ishike, baada ya hapo ni kwenye ukame mrefu tu.

Baridi ya chini ya sifuri inaivumilia, ila baridi ikichanganyika na maji yaliyotuama ndo inaoza. Utaijua hivi: vuta majani ya katikati taratibu, yakichomoka bila ubishi na chini yamekuwa kahawia yenye harufu, basi huo moyo umeoza, chimbua mche wote, okoa vipande vya pembeni vyenye mizizi mizima ukavipande pakavu zaidi.

Kupogoa wengi wanawahi mno. Masuke yakikauka yaache, yale majani makavu yanakinga shina na baridi, kata mwishoni mwa majira ya baridi kabla machipukizi hayajaanza, na uache sentimita 10 hadi 15. Halafu vumilia, maana hii ni nyasi inayokua msimu wa joto, inachelewa kuamka, na tunajua watu waling'oa miche mizima wakidhani imekufa. Sehemu zisizo na baridi kali majani hayakauki yote, hapo vaa glavu uchane makavu kwa vidole, inatosha.

Kuongeza miche, gawa kichaka kila baada ya miaka mitatu hivi, machipukizi yanapoanza. Mbegu pia zinaota, zitandaze juu ya udongo uzikandamize kidogo bila kuzifukia, ila kuna aina yenye maua meupe, hiyo gawa tu, mbegu hazina uhakika wa kufanana na mama.

Kitu kingine, ukienda kununua kwenye kitalu usikubali kupewa nyasi nyingine iitwayo Pennisetum setaceum badala yake kwa sababu tu nayo ina masuke ya kuvutia. Ile imeshatoroka kwenye bustani huko Hawaii na Arizona, ikavamia mapori, na ikikauka inasambaza moto. Uliza jina la kitaalamu kabla hujalipa, na muuzaji asiyelijua achana naye.